Spika Nzuri Utaijua Ukiwa Jikoni

Ndugu na marafiki wanaponiomba niwasindikize kununua spika, kuna jaribio moja ninalowapa kabla ya mengine yote. Washa muziki, kisha toka sebuleni. Nenda jikoni au kwenye korido, mahali ambapo spika huioni wala yenyewe haikuelekei, halafu sikiliza. Kama pale jikoni mwimbaji bado ni binadamu anayeimba, spika hiyo ina jambo. Kama amekuwa mtu anayeimbia ndani ya pipa, au maneno yamepotea na imebaki besi inayogonga ukuta, basi hata ukikaa mbele yake kwenye kochi utaichoka baada ya mwezi mmoja, na hutajua ni kwa nini.

Mama akiita kutoka chumba cha pili humdhanii kuwa ni redio. Sauti yake imepinda kwenye mlango, imegonga kuta tatu, imepungua nguvu, na bado ni yeye. Ndivyo sauti halisi ilivyo: huenda pande zote na bado hutambulika. Spika nyingi haziwezi hivyo, na ukishaelewa kwa nini haziwezi, utakuwa umeelewa nusu ya elimu yote ya spika.

Sauti haitoki mbele ya spika peke yake. Hupinda pembeni, hupanda darini, hushuka sakafuni. Sehemu inayokuja moja kwa moja ndiyo inayotangulia kufika masikioni, lakini ukiwa mita mbili tatu kutoka kwenye spika, sehemu kubwa ya unachosikia imekwisha kugonga kitu na kurudi. Ubongo huzipokea zote na kuzifanya sauti moja. Iliyopita pembeni ikifanana na iliyokuja mbele, kazi hiyo ni nyepesi. Zikitofautiana, ubongo unakuwa kama msuluhishi anayeletewa habari mbili za tukio moja, na kazi hiyo haina mapumziko. Huo ndio uchovu ambao watu wengi huuita “sauti kali” au “kelele” bila kujua chanzo chake.

Nyumba zetu nyingi huliongeza tatizo hili. Kuta ni za saruji, sakafu ni vigae, madirisha ni vioo, na juu ni jipsamu au bati. Piga kofi katika sebule ambayo bado haijawekwa samani, utasikia linavyorudi. Cha kumeza sauti ni makochi, mapazia, zulia na watu wenyewe. Kwa hiyo mnunuzi wa Mwanza au Mombasa ana sababu kubwa zaidi ya kuuliza spika inatoa nini pembeni kuliko yule wa nchi za baridi mwenye zulia zito la ukuta hadi ukuta.

Sasa tuingie kwenye koni yenyewe, sehemu ya spika inayotetemeka. Sauti ni mawimbi, na mawimbi yana urefu. Hewani sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Kwa hiyo sauti ya mitetemo 100 kwa sekunde ina wimbi la karibu mita tatu na nusu, ya mitetemo 1,000 ina wimbi la sentimita 34, na ya mitetemo 10,000 sentimita tatu na nusu tu. Wimbi likiwa refu kuliko upana wa koni, sauti husambaa pande zote kama mwanga wa koroboi. Likiwa fupi kuliko koni, sauti hukusanyika mbele kama mwanga wa tochi.

Chukua koni ya inchi 12, yaani sentimita 30 hivi. Huanza kuwa tochi ikifika kwenye mitetemo 1,000 na kidogo, katikati kabisa ya maneno ya watu. Koni ya inchi 8 huvumilia mpaka kama 1,700. Twita, yaani spika ndogo ya sauti za juu, ikiwa ya inchi moja hubaki koroboi mpaka juu ya 10,000. Sasa fikiria boksi lenye koni ya inchi 8 chini na twita ndogo juu, na zinapokezana kwenye mitetemo 3,000. Chini kidogo ya hapo koni imeshakuwa tochi, haimuliki pembeni. Juu kidogo ya hapo twita inamulika chumba kizima. Mbele ya boksi huenda usisikie kasoro, lakini pembeni pana shimo kisha kilima, na kilima hicho ndicho kinachorudishwa na vigae vyako.

Mbunifu mzuri analijua jambo hili kabla hajakata mbao. Atachagua koni ndogo zaidi, au ataweka spika ya tatu ya sauti za kati, au ataizamisha twita ndani ya kisahani kilichochongwa kwa mbonyeo laini ili mwanga wake ubanwe ulingane na wa koni palepale zinapopokezana. Ukikiona kisahani hicho, mara nyingi kina kazi. Nasema mara nyingi, kwa sababu wapo wanaokiiga kwa pambo tu. Masikio yako ndiyo yatakayoamua.

Aliyefanya kazi kubwa ya kuyathibitisha haya ni Floyd Toole, wakati huo mtafiti wa Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, mjini Ottawa. Alipima spika kwa mitambo, kisha akawaketisha watu wazisikilize bila kuziona na kuzipa alama, halafu akalinganisha alama na vipimo. Makala zake za mwaka 1985 na 1986 zilitikisa biashara ya spika, kwani wengi waliamini kila mtu na ladha yake. Kumbe watu wasipoiona spika, wengi wao huelekea kuzipenda zile zile: zenye sauti iliyo sawa mbele, isiyo na vilima na mabonde, na inayofifia taratibu, kwa mpangilio, kadiri unavyosogea pembeni. Baadaye Toole alihamia kampuni ya Harman, Marekani, na mwenzake Sean Olive akaendeleza kazi. Mwaka 2004 Olive alichukua spika 70, akaandika hesabu inayokadiria kutokana na vipimo peke yake watu watazipenda kwa kiasi gani, na makadirio yakakaribiana sana na alama za wasikilizaji wenyewe. Katika hesabu hiyo, besi peke yake ilibeba karibu asilimia 30 ya uamuzi. Tutairudia besi.

Kwa msomaji wa kawaida, kazi ya Olive iliyo muhimu zaidi ni ya mwaka 2003. Alikusanya wasikilizaji 256 wasio na mafunzo, wakiwemo wauzaji wa vifaa vya muziki na wanafunzi, akawalinganisha na wasikilizaji waliofunzwa. Waliofunzwa walikuwa wakali zaidi wa alama na hawakuyumba, lakini mpangilio wa spika, ipi ya kwanza na ipi ya mwisho, ulikuwa ule ule. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba huna masikio ya muziki. Unayo. Unachokosa ni mazingira ya haki ya kuyatumia.

Mazingira ya haki ni nini? Kwanza, macho yasishiriki. Mwaka 1994 Toole na Olive waliwapa watu wale wale spika zile zile, safari moja pazia limefungwa, safari nyingine limefunguliwa. Pazia lilipofunguliwa alama zilihama: spika kubwa za bei zilipanda, na seti ndogo ya bei nafuu iliyokuwa imefanya vizuri gizani ikashuka. Na wasikilizaji hao walikuwa watu wa kazi hiyo, siyo wapita njia. Dukani huwezi kufunga pazia, lakini unaweza kugeuka, ukafumba macho, na kumwomba uliyekuja naye abadilishe spika bila kukuambia ipi ni ipi.

Pili, ukubwa wa sauti uwe mmoja. Spika yenye sauti ya juu kidogo tu huonekana nzuri zaidi, na tofauti hiyo haisikiki kama “imepanda”, husikika kama “safi”, “ina uhai”. Pakua programu ya kupimia desibeli kwenye simu, simama mahali pamoja, na ulinganishe kila spika kabla ya kuanza. Simu yako haitakuwa sahihi kama kipimo cha maabara, lakini kwa kulinganisha spika mbili mahali pamoja inatosha.

Tatu, na hili wengi hawalijui: sikiliza spika moja, siyo jozi. Geuza balansi iende upande mmoja. Toole aliona kwamba kasoro zinazojitokeza wazi katika spika moja hujificha zikipigwa mbili, kwa kuwa upana wa sauti unakuvutia kutoka kwenye dosari. Spika iliyoshinda peke yake huendelea kushinda ikiwekwa jozi.

Wimbo wa kujaribia uwe unaoujua kama unavyoijua njia ya kwenu. Usikubali ule wa dukani, ambao umechaguliwa kwa sababu unapendezesha kila spika. Lakini mimi kabla ya wimbo huanza na maneno. Tafuta rekodi ya mtangazaji wa habari asomaye vizuri, na umsikilize anapofika kwenye tarakimu: shilingi sitini na sita, elfu sabini na saba. Lugha yetu imejaa s na sh, na herufi hizo hukaa juu, mitetemo kama 3,000 mpaka 8,000 hivi. Zikitema mate sikioni, twita ina kilima. Zikisikika kama mtu aliyeng’oka meno ya mbele, pana shimo. Kisha sikiliza m na ng’ katika maneno kama ng’ombe, mambo, mwongozo, hasa kwa sauti ya mwanamume. Hapo utagundua boksi linaloimba lenyewe: mvumo unabaki nyuma ya neno, kana kwamba mtu yuko ndani ya ndoo. Gonga boksi kwa kifundo cha kidole. Likilia kama ngoma, mbao ni nyembamba au hazikuimarishwa kwa ndani, na sauti unayoisikia si ya koni peke yake.

Kilima husikika kuliko bonde. Spika iliyopungukiwa kidogo mahali fulani huweza kusamehewa na sikio, lakini iliyozidisha, hata kama ziada ni ndogo, itajitambulisha katika kila wimbo, kama mpishi anayetia karafuu katika kila sufuria. Kwa hiyo ukijikuta unasema “hii inang’aa kuliko ile,” subiri. Weka nyimbo nyingine tatu za aina tofauti. Kama mng’ao ule ule unajirudia kwenye taarabu, kwenye kwaya na kwenye gitaa kavu, huo si wa wanamuziki, ni wa spika.

Sasa besi. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu besi ndiyo inayomwingia mtu kifuani dukani na kumfanya atoe pochi. Swali la kujiuliza si kama besi ni nzito. Jiulize kama inabadilika. Chukua wimbo wowote wa dansi wa zamani, bendi ya Mlimani Park inafaa sana, ulifuate gitaa la besi peke yake kwa dakika mbili. Gitaa la besi la kawaida lina nyuzi nne, na zikipigwa wazi hutoa mitetemo 41, 55, 73 na 98 kwa sekunde. Mpigaji anapanda na kushuka, anazungumza na gitaa la rizimu, anauliza swali na kujijibu. Kwenye spika nzuri utaweza kuuimba mstari wake. Kwenye sabufa nyingi za bei nafuu utasikia dum, dum, dum, kitu kile kile kila mara, hata mpigaji afanye nini. Hiyo naiita besi ya nota moja.

Mara nyingi inatokana na tundu la boksi. Puliza juu ya mdomo wa chupa tupu ya soda, itatoa nota yake moja. Boksi la spika lenye tundu ni chupa hiyo: lina ujazo wa hewa na shingo, na lina nota linayoipenda. Likibuniwa vizuri, nota hiyo huwekwa chini, pale koni yenyewe inapoanza kuchoka, ili imsaidie mwenzake. Likibuniwa vibaya au kwa makusudi ya kuvutia wanunuzi, nota huwekwa juu, kwenye 70 au 80, mahali penye ngoma na besi za nyimbo nyingi, na kila kinachopita karibu hapo kinavutwa kuwa mlio mmoja. Chini ya nota hiyo sauti huporomoka haraka, hivyo uzi wa chini kabisa wa gitaa haupo kabisa.

Niliwahi kuchongewa boksi na fundi wa mtaani, mtu mwenye mkono safi wa seremala, kwa ajili ya koni ya inchi 8. Lilikuwa na ujazo wa lita 30, na tundu lilikuwa kipande cha bomba la plastiki la inchi 4, urefu wa sentimita 10. Lilipendeza kwa macho, lakini kila wimbo ulikuwa na dum yake ile ile. Tulikaa na kalamu. Kwa ujazo huo na bomba hilo, boksi lilikuwa likiimba karibu na mitetemo 67. Fundi akakata bomba jipya la sentimita 25, akalichonga mdomo kwa msasa mpaka ukawa laini, akalitia gundi. Nota ikashuka mpaka karibu 49. Mbao zile zile, koni ile ile, na gharama ya kipande cha bomba. Siku ile ndipo nilipousikia kwa mara ya kwanza mpigaji besi akishuka ngazi badala ya kukanyaga moja. Fundi mwenyewe aliomba turudie wimbo mara tatu, na tangu hapo huuliza ujazo kabla ya kukata mbao.

Hesabu hizi hazikutoka hewani. Neville Thiele wa Australia alizipanga mwaka 1961, na Richard Small akazikamilisha miaka ya 1970 akiwa Sydney. Watengenezaji makini wa koni huchapisha vipimo vyenye majina ya wawili hao. Kama unachongesha boksi, dai karatasi hiyo unaponunua koni, umpe fundi. Zipo programu za bure za kukokotoa ujazo na urefu wa bomba. Koni isiyo na karatasi inaweza kuwa nzuri, lakini utakuwa unashona kanzu bila kumpima mtu.

Kuhusu wati nitasema machache. Tarakimu kubwa zilizoandikwa PMPO kwenye katoni hazina kanuni inayozifunga, kila mtu huandika anachotaka. Geuza seti nyuma utazame kibandiko cha umeme. Kama kinasema inakula wati 60 ukutani, haiwezi kutoa maelfu. Na hata wati za kweli hazifanyi kazi kama watu wanavyodhani: ukiziongeza maradufu unapata desibeli 3 tu, nyongeza ndogo, na ili sauti isikike kama imekuwa mara mbili unahitaji takriban mara kumi. Spika yenye uwezo wa kutoa desibeli 90 kwa wati moja itahitaji nusu ya umeme unaohitajiwa na ile ya 87. Swali la kuuliza dukani ni spika inatoa desibeli ngapi kwa wati moja, na muuzaji anayelijibu ni wa kumrudia.

Fungua boksi kama unaruhusiwa. Nimewahi kufungua moja lililokuwa na macho matatu mbele. Koni ya chini iliungwa moja kwa moja na waya. Twita ilikuwa na kapasita moja ndogo kama punje ya harage. Jicho la tatu halikuwa na waya wowote, lilikuwa plastiki na wavu. Kapasita moja kuilinda twita si dhambi kwenye kitu cha bei ndogo, ila ina maana kwamba koni ya chini inaachwa iendelee kupiga kelele huko juu ambako imeshakuwa tochi, ikipishana na twita. Spika iliyofikiriwa itakuwa na koili za shaba, kapasita kadhaa na rezista kwenye kibao chake, na kila kimoja kina sababu.

Yote haya ni ya sebuleni. Zile spika za mdomo wa tarumbeta juu ya mnara wa msikiti zimebuniwa kupeleka maneno mbali kwa nguvu ndogo ya umeme, na katika kazi hiyo ni bora kuliko chochote nilichokitaja. Usizihukumu kwa kukosa besi.

Ukishafika nyumbani, chumba kitachukua madaraka. Chini ya mitetemo 200 au 300 hivi, unachosikia ni chumba kuliko spika. Urefu wa mita nne kati ya ukuta na ukuta una nota yake, mitetemo 43 hivi, na mita tatu ina 57. Nota hizo zitavimba mahali pengine na kutoweka pengine. Kona huzidisha besi, ndiyo maana sabufa iliyokuwa na adabu dukani huja kuvuma nyumbani ikiwekwa kati ya kabati na ukuta. Ivute. Twita ziwe usawa wa masikio yako ukiwa umekaa, na spika zisiingizwe ndani ya kabati la televisheni, ambalo ni boksi jingine juu ya boksi. Tandika zulia kati yako na spika. Usiku ukipunguza sauti, usishangae besi ikipotea: sikio letu ndivyo lilivyo, kama Fletcher na Munson walivyoonyesha mwaka 1933, sauti za chini huzisikia kwa shida zinapokuwa ndogo. Ongeza besi kidogo usiku, irudishe asubuhi.

Kwa sabufa kuna njia ambayo itawashangaza wa nyumbani kwako lakini hufanya kazi. Sogeza kochi, uiweke sabufa pale pale unapokaa siku zote. Washa ule wimbo wa dansi, gitaa la besi likitembea. Kisha piga magoti na uizunguke sebule yote, kichwa kikiwa chini karibu na sakafu, ukutani, nyuma ya mlango, kando ya dirisha. Pengine besi itavimba mpaka vioo vitetemeke, pengine itatoweka. Endelea. Utafika mahali ambapo nyuzi zote nne zinasikika kwa uzito mmoja, kila nota na jina lake. Weka alama kwa chaki. Hapo ndipo sabufa inapohamia, na wewe unarudi kwenye kochi lako.